Kiwanja Kikitoka Kwenye Ubia, Kodi Inabaki kwa Nani?

Sheria ya kodi ya mapato ya Marekani ina kanuni moja ambayo wafanyabiashara wengi huja kuijua siku ya kuachana: ubia ukimpa mbia wake mali badala ya fedha taslimu, kwa kawaida hakuna anayetozwa kodi siku hiyo. Hatozwi aliyepokea, hautozwi ubia uliotoa, wala hawatozwi wenzake waliobaki. Kiwanja kilichonunuliwa kwa bei ya chini na ambacho sasa kina thamani kubwa kinaweza kubadilisha mwenyewe bila senti moja kwenda serikalini. Kanuni hiyo imo katika kifungu cha 731 cha sheria ya mapato ya nchi hiyo tangu 1954, Bunge lilipoandika kwa mara ya kwanza sura kamili ya kodi ya ubia, ambayo wahasibu huiita Sura Ndogo ya K. Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko na kushirikiana na ndugu au rafiki kumiliki malori au nyumba za kupangisha kupitia LLC (kampuni yenye dhima ya ukomo) wamo ndani ya sura hiyo hata kama hawajawahi kuisikia, kwa sababu LLC yenye wanachama wawili au zaidi huhesabiwa kuwa ubia kwa ajili ya kodi, isipokuwa wenyewe wamechagua vinginevyo. Hoja yangu ni kwamba kuahirisha kodi siku ya mgawo ni haki. Lakini haki hiyo ina sharti: faida isiyotozwa leo lazima ibaki imeandikwa mahali itakapoonekana siku mali itakapouzwa. Sheria ya Marekani imelifanya sharti hilo kuwa hiari, na hapo ndipo ufa ulipoanzia.

Kila ubia unatunziwa madaftari mawili. La kwanza linaandika gharama ya kila mali: ilinunuliwa kwa kiasi gani, na uchakavu uliokwisha kupunguzwa ni kiasi gani. Kinachobaki hutolewa kwenye bei siku mali ikiuzwa, na tofauti ndiyo faida. La pili linaandika gharama ya hisa ya kila mbia, yaani alichoweka mwenyewe pamoja na faida aliyokwisha kutozwa, ukiondoa hasara na alichochukua. Sehemu yake ya madeni ya ubia nayo huingia humo. Ubia wenyewe haulipi kodi ya mapato. Faida hupita na kutua kwa wabia, kama ilivyo pia katika sheria za Tanzania na Kenya. Kwa hiyo madaftari hayo mawili, katika hali ya kawaida, yanatakiwa kulingana, na yakilingana kila dola ya faida itatozwa mara moja, isirudiwe wala isirukwe. Mali inapotoka, sheria huangalia kama mbia anabaki au anaondoka. Anayebaki huichukua mali kwa gharama ileile iliyokuwa nayo ndani ya ubia, ilimradi isizidi gharama ya hisa yake, na hisa hiyo hupunguzwa kwa kiasi hicho. Anayeondoka kabisa huichukua kwa gharama ya hisa yake, hata kama ndani ya ubia mali hiyo ilikuwa na gharama tofauti sana. Fedha taslimu zina kanuni yake: zikizidi gharama ya hisa, ziada hutozwa papo hapo, maana noti ya dola mia haiwezi kuandikwa kuwa na gharama ya dola hamsini ikasubiri kuuzwa. Mbia anayetuliwa sehemu yake ya deni la ubia naye huhesabiwa kuwa amepewa fedha, jambo ambalo huwashtua wengi wanaodhani wametoka mikono mitupu.

Tuchukue ubia wa watu watatu, kila mmoja ameweka dola 100,000. Kwa fedha hizo wamenunua kiwanja kwa 30,000 na jengo kwa 270,000. Uchakavu wa jengo tuuache pembeni ili hesabu isiwe ndefu. Miaka inapita, kiwanja kinafikia thamani ya 200,000 na jengo 400,000. Mali yote sasa ni 600,000, fungu la kila mmoja ni 200,000, na faida ambayo bado haijatozwa ni 300,000, yaani 100,000 kwa kila mbia. Mmoja anataka kutoka, na wenzake wanampa kiwanja, ambacho thamani yake ni sawasawa na fungu lake. Kodi hakuna. Mikononi mwake gharama ya kiwanja si 30,000 tena bali 100,000, kwa kuwa hiyo ndiyo gharama ya hisa yake. Akikiuza kwa 200,000 atatozwa kwa faida ya 100,000, ambayo ndiyo hasa faida yake. Upande wake umekaa sawa. Waliobaki wana jengo la 400,000 ambalo katika daftari la mali bado lina gharama ya 270,000, hivyo wakiliuza itaonekana faida ya 130,000. Lakini faida yao wawili kabla ya mwenzao kutoka ilikuwa 200,000. Dola 70,000 hazionekani, nazo ni zilezile 70,000 zilizoongezwa juu ya gharama ya kiwanja.

Hazijafutwa, na ni haki kulisema hilo wazi. Wawili hao wakiuza jengo, wakavunja ubia na kugawana 400,000, daftari la hisa litazinasa: hisa zao zilikuwa na gharama ya 200,000, zikaongezeka kwa 130,000 walizotozwa, zikawa 330,000, na kile kinachozidi, 70,000, kitatozwa siku ya kuvunja. Anayeitetea sheria ilivyo husimama hapa na kusema kwamba serikali haijapoteza kitu ila muda. Lakini ubia hauvunjwi kwa sababu jengo limeuzwa. Fedha zinaweza kununua jengo lingine, na lingine baada ya hilo, na 70,000 zikakaa miaka 30 bila riba. Dola inayolipwa baada ya miaka 30 ina thamani ndogo sana kuliko ya leo, na mbia akifariki kabla, kifungu cha 1014 huipandisha gharama ya hisa yake hadi thamani ya soko ya siku ya kifo, hivyo kodi ya sehemu yake haidaiwi tena na mtu yeyote. Ucheleweshaji wa aina hii haukutokana na mtu kukataa kuuza mali yake. Ameuza jengo, amepokea bei yake yote, na bado hesabu inasema faida ni ndogo kuliko ilivyo.

Dawa imo ndani ya sheria yenyewe, na ndiyo maana jambo hili linasikitisha. Kifungu cha 734 kinaeleza jinsi ya kurekebisha gharama ya mali zilizobaki: kiwanja kimepanda kwa 70,000, basi jengo lishuke kwa 70,000 hadi 200,000, na likiuzwa faida ionekane kuwa 200,000 kamili. Kwa kawaida marekebisho hayo hufanywa pale tu ubia unapotoa tamko chini ya kifungu cha 754. Hapo ndipo mbia mwenye akili timamu hujiuliza kwa nini atoe tamko la kujiongezea kodi. Mwaka 1954 watunzi wa sheria walisema wanatafuta wepesi, unyumbufu na usawa baina ya wabia, na katika zama za madaftari ya mkono na mashine za kujumlisha, kuwaepusha wenye duka la pamoja na hesabu za ziada kulikuwa na maana. Mwaka 2004, baada ya uchunguzi wa kashfa ya kampuni ya Enron kuonyesha jinsi ubia ulivyotumiwa kuzalisha hasara za kwenye karatasi, Bunge lilifanya marekebisho ya kushusha kuwa ya lazima pale kiasi kinapozidi dola 250,000. Hatua ilikuwa nzuri, lakini wabia wetu watatu wako chini ya kiwango hicho, na anayefanya mgawo mara kadhaa kwa mafungu madogo anaweza kubaki chini yake pia. Kosa la hesabu ni lilelile likiwa la 70,000 au la 270,000.

Wapo wanaotaka tiba kali zaidi. Wanauliza kwa nini ubia usitozwe kama kampuni. Kampuni za Marekani nazo ziliwahi kugawa mali iliyopanda thamani bila kutozwa, tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1935 katika shauri la General Utilities, mpaka mageuzi ya kodi ya 1986 yalipokata mzizi huo. Leo kampuni ikimpa mwanahisa kiwanja, huhesabiwa kuwa imekiuza kwa bei ya soko. Hoja hii ina nguvu, hasa ukikumbuka kwamba LLC humpa mwanachama kinga ileile ya madeni ambayo zamani ilikuwa ya kampuni pekee. Hata hivyo mambo mawili yanatofautiana. Katika kampuni, mwanahisa hukichukua kiwanja kwa gharama inayolingana na bei ya soko, kwa hiyo faida ya kampuni isipotozwa siku hiyo haitatozwa kamwe. Daftari lililoibeba limefungwa. Katika ubia, gharama ya chini humfuata mbia, na kodi inamsubiri mlangoni. Kilichofanya mgawo wa kampuni uwe tundu la kuvujisha mapato hakimo katika ubia ambao madaftari yake yanalingana. Isitoshe, aliyepokea kiwanja hana fedha mkononi. Kumtoza siku hiyo ni kumlazimisha akiuze ili alipie kodi ya kutoka, na kuwafanya watu wasioelewana tena waendelee kushikamana kwa hofu ya mtoza ushuru. Bei yenyewe itatoka wapi, ikiwa hakuna mnunuzi? Kila mgawo utageuka ugomvi wa wathamini.

Uingereza imechukua njia ya kati, na inafaa kuitazama kwa sababu inaonyesha mantiki ambayo Wamarekani wameiepuka. Katika mwongozo unaojulikana kama D12, uliotolewa mwaka 1975, mamlaka ya mapato ya huko humwona kila mbia kuwa mmiliki wa sehemu ya kila mali ya ubia. Kiwanja kikienda kwa mbia mmoja, wenzake wawili wanahesabiwa kuwa wameuza theluthi zao kwa bei ya soko na wanatozwa. Yeye anayepokea hatozwi kwa theluthi yake, bali faida yake huondolewa kwenye gharama atakayoendelea nayo. Kwa mfano wetu, wawili waliobaki wangetozwa siku hiyo kwa faida inayokaribia 113,000. Mantiki ni safi, maana kwa kweli wamebadilishana: wao wameachia theluthi mbili za kiwanja, naye ameachia theluthi ya jengo. Lakini tazama nani analipa. Ni wale waliobaki na jengo, ambao hawajapokea hata shilingi, na wanalipa kwa sababu mwenzao ameamua kuondoka. Naiheshimu njia ya Waingereza kwa uwazi wake, ila nadhani marekebisho ya kifungu cha 734 yanafika mahali palepale bila kumtoza mtu ambaye hajauza.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaosema kwamba Bunge limekwisha kuziba matundu. Kweli limejitahidi. Mwaka 1984 liliipa Wizara ya Fedha nguvu ya kuuita mgawo kwa jina lake halisi, mauzo, pale mbia anapoweka mali na muda mfupi baadaye kuchukua fedha. Kanuni za 1992 zikadhania kuwa matendo mawili yaliyo ndani ya miaka miwili ni mauzo mpaka mhusika athibitishe vinginevyo. Mwaka 1989 na 1992 vikaja vifungu vinavyomtoza mbia aliyeweka mali iliyopanda thamani ikiwa mali hiyo itapewa mwingine, au yeye atapewa mali nyingine, ndani ya miaka mitano, ambayo tangu 1997 imekuwa saba. Mwaka 1994 hisa na hati fungani zinazouzwa sokoni zikahesabiwa kuwa sawa na fedha taslimu. Mahakama nazo zimesaidia: katika shauri la Canal Corporation la mwaka 2010, Mahakama ya Kodi ilikataa kuuona kuwa mgawo wa kawaida mpango wa 1999 ambamo kampuni iliingiza biashara yake ya karatasi laini katika ubia na kampuni ya Georgia-Pacific, ikachukua takriban dola milioni 755 zilizokopwa, na kubaki na asilimia ndogo tu ya hisa. Lakini ukizipanga hatua hizo zote utaona kila moja ilikuja baada ya ujanja wake, kama kiraka juu ya nguo iliyochakaa mahali pengine. Hakuna hata moja inayowagusa wabia wetu watatu, ambao waliweka fedha tupu na hawakufanya ujanja wowote. Dola 70,000 zao zimefichwa na sheria yenyewe ikifanya kazi kama ilivyoandikwa. Ukomo wa miaka saba nao unawafundisha matajiri kusubiri, jambo ambalo mwenye haja ya fedha hawezi.

Pingamizi jingine lazima lijibiwe kwa uangalifu, maana linaikata hoja yangu upande wa pili. Marekebisho ya gharama hayashushi tu, hupandisha pia. Mbia ambaye hisa yake ina gharama ndogo akipewa mali yenye gharama kubwa, ziada hupotea kwake, na ubia uliotoa tamko la 754 unaruhusiwa kuihamishia kwenye mali zilizobaki. Baina ya watu wasiohusiana hilo ni sawa, kwa kuwa anayepoteza analalamika na bei ya kutoka kwake inapanda. Sasa weka wabia wote chini ya mwavuli wa kundi moja la kampuni. Ardhi yenye gharama kubwa, isiyopunguzwa kwa uchakavu, inapewa kampuni tanzu yenye hisa ya gharama ndogo. Gharama iliyong'olewa kwenye ardhi inapandikizwa kwenye mitambo, na mitambo inaanza kupunguza kodi upya ingawa hakuna aliyetumia dola moja zaidi. Juni 2024 Wizara ya Fedha ya Marekani ilitangaza vita dhidi ya mbinu hiyo na kukadiria kwamba kuizuia kungeweza kuleta zaidi ya dola bilioni 50 kwa miaka 10. Kanuni za kuwataka wahusika waitangaze miamala ya namna hiyo zilikamilishwa Januari 2025. Aprili mwaka huohuo, serikali ikiwa imebadilika, mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, IRS, ikatoa ilani kwamba inakusudia kuziondoa, baada ya walipakodi kulalamika kwamba ni mzigo mzito.

Je, mbinu hiyo inaonyesha kwamba marekebisho ndiyo ugonjwa, na kwamba kuyafanya ya lazima ni kumwaga mafuta motoni? Sioni hivyo. Wenye mbinu wanafaidika kwa kuwa wao ndio wanaochagua: wanatoa tamko pale marekebisho yanapopandisha, wananyamaza pale yanaposhusha. Lazima ikiwa kwa wote na kwa pande zote, uchaguzi huo unakufa. Kinachobaki ni kuhama kwa gharama kutoka mali isiyochakaa kwenda mali inayochakaa, na hapo nakiri kwamba lazima peke yake haitoshi. Wabia wanaohusiana wanahitaji kanuni ya ziada: gharama iliyopandishwa isitumike kupunguza kodi mpaka mali iliyotolewa itakapouzwa kwa mtu wa nje. Wazo la kuzifunga tarehe hizo mbili pamoja lilikuwamo katika mapendekezo ya bajeti ya serikali ya Biden, na rasimu ya Seneta Ron Wyden ya Septemba 2021 ilikuwa na marekebisho ya lazima pamoja na kufuta ukomo wa miaka saba. Zote hazikuwa sheria. Nadhani zilikosea kwa kuwasilishwa kama vita dhidi ya matajiri tu, wakati sehemu kubwa ya mapendekezo hayo ingeweza kutetewa mbele ya mhasibu yeyote kama usahihi wa hesabu.

Wanaohofia ugumu kwa wabia wadogo wanastahili jibu la kweli. Marekani ina ubia zaidi ya milioni 4 unaowasilisha hesabu kila mwaka, na mwingi ni wa watu wachache wenye nyumba, shamba au duka. Lakini marekebisho ya mfano wetu ni kutoa namba moja kutoka nyingine. Ugumu hukua pale mali zinapokuwa nyingi na za aina tofauti, na ubia wa namna hiyo tayari una wahasibu. Zaidi ya hapo, tangu hesabu za mwaka 2020 IRS inautaka ubia, isipokuwa ule mdogo unaokidhi vigezo vya msamaha, uonyeshe mtaji wa kila mbia kwa hesabu ya kikodi, kwa hiyo sehemu kubwa ya namba zinazohitajika zimekwisha kuandikwa. Mzigo halisi uko kwingine. Vifungu vya kuzuia ujanja vilivyorundikwa tangu 1984 vinahitaji wakaguzi wenye ujuzi wa juu, na hao hawapo wa kutosha: taarifa ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba ubia mkubwa unaokaguliwa haufiki asilimia 0.5 kwa mwaka, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya kaguzi hizo huishia bila mabadiliko yoyote. Sheria inayotegemea kukamata nia ya mtu inahitaji mkaguzi. Sheria inayotaka gharama ya jengo ishuke siku ileile gharama ya kiwanja inapopanda inahitaji programu ya hesabu.

Marekebisho ya lazima hayatagusa kifungu cha 1014. Mbia akifariki akiwa bado ameshika jengo, faida iliyomo humo itasamehewa kama ilivyo leo, na hilo ni suala la kodi ya urithi linalohitaji mjadala wake. Ila wale wawili wakiwa hai, wakiuza jengo lao kwa 400,000, watatozwa kwa faida ya 200,000 katika mwaka huohuo wa mauzo, wakiwa na fedha za kulipia.